Maksai Waliopanda Lori Kwenda Machinjioni

Walisema sitaweza kunenepesha hata mbuzi. Walisema mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka yote ile akila chipsi hawezi kurudi Kinyangiri na kuwafundisha ng'ombe kula. Mjomba wangu, kaka yake mama, mwenye kundi kubwa kuliko wote kijijini, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi: "Hiyo stashahada yako ya mifugo mfunge ng'ombe shingoni, tuone kama atanenepa."

Naandika haya nikiwa nimenenepesha ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo haki ya kujisifu ninayo. Sikurithi kundi. Ada ya chuo cha mifugo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mapaja ya ng'ombe machinjioni, na huko nilijifunza jambo ambalo kijijini hawakutaka kulisikia: ng'ombe akishachunwa na kuning'inizwa, unaona wazi jinsi alivyoishi.

Kwetu ng'ombe hukopeshwa. Asiye naye humwomba kwa ndugu, humtunza, hunywa maziwa yake, kisha humrudisha. Mimi niliomba maksai, tena kiangazi, walipokuwa mifupa mitupu. Mjomba alinipa ili anione nikianguka. Jirani yetu alinipa kwa huruma. Shangazi alinipa wa pekee aliyekuwa naye. Masharti yalikuwa haya: mvua zikianza, kila mmoja apate mtamba, jike ambaye hajazaa bado, mwenye afya. Nikishindwa, shamba aliloniachia marehemu baba wagawane wao. Nilikubali mbele ya wazee.

Nyumbani watu huhesabu pembe. Dume huachwa azeeke kwa sababu ni fahari ya zizi, hutembezwa kutwa kufuata maji, na nyama yote huishia njiani. Mimi niliwafungia wa kwangu. Niliwajengea kivuli, nikawapa dawa ya minyoo, nikawachanganyia mashudu ya alizeti kutoka Iguguno na pumba za mahindi na mabua ya mtama yaliyokatwakatwa. Maji yalikuwa mbele yao muda wote. Watu walikuja kuegemea uzio na kucheka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wanakula."

"Na wewe utakula nini wakishamaliza alizeti zote za Mkalama?"

Walipojaa mgongoni na kiunoni nilimtafuta mwenye bucha mmoja wa Singida mjini anayepeleka nyama hotelini. Mjomba aliposikia, naye akataka kumuuzia huyohuyo ili anionyeshe. Alifanya kama walivyofanya watu wetu siku zote: aliwaswaga ng'ombe wake kwa miguu, mbiombio, kwa fimbo, maji kidogo, na walipofika tu wakaingizwa kuchinjwa. Mimi nilikodi lori, nikamwaga mchanga sakafuni wasiteleze, nikawafikisha mapema wakalala, wakanywa maji, wakatulia. Siku ya kupakia mjomba alisimama barabarani na wenzake, wachungaji wake wakiwa wameshatangulia na ng'ombe.

"Mpwa wangu, unaoa? Naona mabibi harusi wamepanda gari!"

"Ndiyo, mjomba. Na mahari nitakuletea wewe."

Wote walichinjwa jioni moja. Asubuhi mwenye bucha alipokata mapaja, nyama yenyewe ilisema. Nyama ya mjomba ilikuwa nyeusi kama ini na ilinata kidoleni, na kila fimbo ilipotua palikuwa na damu iliyovilia. Ya kwangu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, na mafuta yake meupe kama maziwa.

"Mzee," mwenye bucha alimwambia mjomba, "ng'ombe wako ulimuua njiani. Sisi tumemalizia tu."

"Nyama ni nyama. Ichemsheni."

"Hoteli hawawezi kuchemsha kutwa nzima, mzee wangu."

Mjomba alinigeukia. "Umewapa dawa gani?"

"Nimewapa usingizi."

Hakuniamini, nami nikamweleza kwa Kiswahili chepesi kabisa. Ng'ombe aliyechoka na kuogopa huimaliza nguvu iliyomo kwenye msuli. Akichinjwa hivyo, nyama yake haipati ule uchachu mdogo unaoipa rangi nzuri, na huharibika upesi. Hayo yalikuwa kwenye stashahada aliyotaka niifunge shingoni mwa ng'ombe.

Maksai wangu wote walichukuliwa siku hiyo, na nikaambiwa nilete wengine. Nyama ya mjomba ilikwenda kwa wauza supu, kwa bei ya kusikitisha.

Mvua zilipoanza nilileta mitamba, kwa lori vilevile, na wazee wakaitwa tena. Shangazi alimfunua mtamba wake midomo, akamkagua meno, akapiga vigelegele hadi mnyama akashtuka. Jirani alinishika mkono, hakuuachia. Mjomba alikuja wa mwisho. Alimzunguka mtamba wake, akampapasa mbavu.

"Wa shangazi yako si mkubwa kuliko huyu?"

"Wako sawa. Mpime kwa kamba ukitaka."

Hakupima. Mzee mmoja aliuliza kama kuna mwenye dai lolote juu ya shamba la baba yangu. Shangazi akasema hana. Jirani akasema hana. Mjomba alikohoa, akatazama chini, akasema hana. Kisha akanivuta pembeni.

"Nina maksai wengine, wamekonda. Wachukue, utanirudishia kama hivi."

"Sikopi tena, mjomba," nilimwambia, nikamkabidhi kamba ya mtamba wake. "Ukitaka, niuzie."