Dakika Kumi na Moja Bila Sauti

Tulikuwa wanne, na kila Jumamosi saa tisa alasiri tulikutana sebuleni kwa muzee, hapa mtaani Ibanda, kusikiliza muziki wa klasiki. Majirani walidhani sisi ni kikundi cha maombi. Hatukuwasahihisha, kwa sababu kikundi cha maombi hakiulizwi maswali.

Muzee alikuwa mwalimu mstaafu wa solfeji, yaani kusoma noti, na wa Kilatini. Mimi alinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia niimbe noti moja, moja tu, akanipeleka kwa waimbaji wa sauti ya alto, na hadi leo sijatoka huko. Wa tatu wetu alikuwa daktari wa meno, mtu aliyeishi Ubelgiji miaka minne na kurudi nayo yote. Wa nne, mdogo kuliko sote, aliuza vitenge. Alikuja kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Kasha pembeni mwa mji, aliimba besi katika kwaya ya parokia yake, na alimwogopa kila mtu aliyevaa miwani. Mimi ni sekretari katika ofisi ya chuo kikuu, kwa hiyo nilifanywa sekretari wa kikundi pia. Watu huamini kwamba anayeandika wiki nzima anatamani kuandika na Jumamosi.

Sheria zilikuwa za muzee. Kila wiki mmoja wetu alileta rekodi bila kutaja jina la kazi wala la mtunzi, maana muzee alisema watu wengi husikiliza jina. Muziki ukianza, hakuna kusema, hakuna kuuliza, na anayetaka kukohoa aende uani. Ukiisha, kila mtu alisema alichosikia, kuanzia mdogo hadi mkubwa, ili wadogo wasijifiche nyuma ya mkubwa. Neno "muzuri" lilipigwa marufuku. Aliyesema "iko muzuri" alihesabiwa kuwa hajasema kitu. Yote niliyaandika katika daftari la shule, na mwisho muzee, kwa kuwa ndiye mkubwa, alifunga mazungumzo.

Tatizo ni kwamba muzee alikuwa anapoteza masikio.

Niligundua kwenye daftari. Jioni moja nilikuwa nasoma kurasa za nyuma nikaona kwamba kwa miezi mingi muzee hakuwa amesema kitu chake mwenyewe. Muuza vitenge akisema fidla inapanda polepole, na mimi nikisema piano inaingia kwa kuchelewa, na daktari akisema lolote analosema daktari, basi muzee alisema: fidla inapanda polepole kwa sababu inaisubiri piano. Alishona vipande vyetu vizuri hata mshono hauonekani. Kiti chake kilikuwa kimeanza kusogea pia, kila mwezi kidogo, hadi goti lake likawa linagusa bafle, ile spika kubwa.

Sikumwambia mtu. Kumbe wenzangu nao walijua, na kila mmoja aliona ni siri yake peke yake. Tulikuwa tumeanza kusema kwa sauti kubwa tukimtazama usoni, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Mke wake ndiye alinishika mkono siku moja jikoni, akaniambia wazi kwamba muzee amekataa kupimwa, na kwamba wiki nzima siku hizi haongei, anangoja Jumamosi. "Samedi ikimutoka, maman," aliniambia, "huyu mutu atalala na hataamuka." Nilimwahidi kwamba kwa upande wangu haitamtoka. Niliahidi kwa moyo wangu wote, na sikujua kwamba ni mimi nitakayeitikisa.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilileta kwarteti ya nyuzi, ala nne tu, inayoanza kwa sauti ndogo mno, mpaka mtu mwenye masikio mazima anakunja uso. Kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, na simu yangu niliichaji ofisini nusu tu, kwa sababu mkuu wangu alihitaji plagi. Nikaiunganisha kwa waya na ampli ya muzee, mashine yake ya kukuza sauti, ambayo ilitumia betri ya sola, nikaiweka magotini. Kwarteti ikaanza. Baada ya dakika mbili hivi ikawa ndogo zaidi, halafu ndogo kabisa, halafu nikatazama chini nikaona kioo cha simu ni cheusi. Nilibonyeza. Imekufa.

Taa nyekundu ya ampli iliendelea kuwaka. Nilifungua kinywa ili niseme, na hapo nikamwona daktari. Amefumba macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinaongoza okestra juu ya mkono wa kiti, taratibu, kwa uchungu mwingi.

Sina budi kueleza kwamba daktari huyu alikuwa amewahi kusema, mbele ya watu, kwamba mimi husikiliza muziki kama mtu anayengoja majibu ya barua. Nilikuwa nimemsamehe nilipoungama kanisani, lakini si moyoni. Nikafunga kinywa. Nilisema moyoni: leo tutaona.

Tukakaa hivyo. Nje pikipiki zilipita, jirani alimwita mtoto akaoge, jogoo mmoja aliwika bila sababu. Muuza vitenge alitazama zulia kwa heshima. Alikuwa anajua kwamba hasikii kitu, lakini alimwona daktari na kidole chake, akaona kasoro iko kwake yeye mtu wa Kasha. Muzee aliinama juu ya bafle. Ukuta wa sebule ulikuwa na saa, nami niliisoma: dakika kumi na moja. Kisha nikasogeza waya kidogo, nikasema imeisha.

Muuza vitenge alianza. Alisema ni muziki wa mtu mwenye adabu. Nikaandika. Nilifuata mimi, na kwa kuwa mtego bila chambo haunasi, nilisema nilisikia viola ikimjibu mtu ambaye ameshaondoka. Nilijisikia vizuri sana. Daktari akafungua macho. Alisema kwamba sehemu ya kati, pale violonseli inaposhuka chini kabisa, ilimkumbusha kanisa moja la Ubelgiji wakati wa baridi, na kwamba wapigaji hawa wanajua kujizuia. Niliandika kila neno. Nilipanga kumwacha muzee afunge, kisha nionyeshe simu.

Lakini muzee hakufunga. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Alikuwa ametutazama midomo mmoja mmoja.

"Mi leo sikusikia kitu," alisema. "Ata kidogo. Mbele nilikuwa nasikia bidogo-bidogo, naongezea na byenu. Leo hapana. Njo kusema imeisha." Akamshukuru kila mmoja wetu. Akasema tutafute nyumba nyingine ya kusikilizia, ampli tuchukue, yeye hana tena kazi nayo.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Changu nilichimba vizuri, nikasimama pembeni, akaingia muzee. Nilimwendea karibu na kumwambia kwa sauti kubwa kwamba simu ilizimika, hakukuwa na muziki, hakuna mtu aliyesikia kitu. Nikamwonyesha kioo cheusi. Muuza vitenge, kwa faraja kubwa, alisema hata yeye hakusikia.

Muzee alitabasamu. Ndilo jambo lililonitisha. Alinipigapiga mkono kama mtu anavyomfanyia mgonjwa.

"Muko bana bazuri," alisema. "Lakini iko mu daftari. Viola, violonseli, kanisa. Batu batatu."

Nilisema tena, akatabasamu tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuona ni huruma. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, ananitazama mimi, si yeye.

Daktari wa meno akainuka. Alienda kupiga magoti kando ya kiti cha muzee, suruali yake ya Jumamosi juu ya sementi, akaweka mdomo karibu na sikio la kulia, lile lililobaki likisikia kidogo.

"Papa, nilidanganya," alisema. "Sikusikia kitu. Nilipata haya ya kuuliza, njo nikatunga."

Muzee aligeuka akamtazama. Alimjua mtu huyu miaka tisa na hakuwahi kumsikia akikubali kosa, hata la kukanyaga mguu wa mtu.

"Na kile kidole?" aliuliza.

"Na kidole pia, papa."

Basi muzee akaamini. Alicheka mpaka akakohoa, na hakwenda uani. Mke wake aliweka sinia mezani akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya muziki. Tukachaji simu kwenye betri ya sola huku tukinywa chai, tukaanza kwarteti upya, sauti ya ampli ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Safari hii muzee alisema yeye ataanza. Alisema mwanzo hakusikia, katikati alisikia kitu kinene kikipita mara mbili, na mwisho alihisi gotini. Akamwambia daktari, mbele yetu sote, kwamba Jumatatu atakwenda kupimwa. Niliandika yote. Daktari alipofikiwa, alisema sentensi moja fupi, na ilikuwa ya kweli, na ilinikera kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Hakuna aliyeuliza simu ilizimika saa ngapi, wala kuuliza mimi nilijua tangu lini.

Muzee alinisindikiza mpaka getini. Aliegemea mkono wangu kwenye ngazi, kwa sababu masikio yakipungua na miguu huwa na wasiwasi.

"Bale babili bangenyamaza," aliniambia. "Weye njo ulisema kweli wa kwanza. Nilikufundisha muzuri."

"Aksanti, papa," nilimjibu. Moto ilikuwa inanisubiri, nikapanda.