Nywila ya Nyumba ya Zamani

Mama Kipusa alihama na mabegi mawili, mtoto mmoja na kompyuta yake ya kazi. Hakuaga. Alingoja mumewe aende dukani kwake, huko alikouza simu, akamvalisha mtoto viatu, huyoo, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma. Na usiniulize kwa nini hakuaga. Mwanamume aliyemvunja mkewe mkono, kisha akampeleka hospitali mwenyewe huku akitaniana na wauguzi, anaagwa vipi?

Alipanga vyumba viwili upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Aliyejua alipo ni dada yake tu. Yule bwana alikuwa amemfuata dada mtu kazini, na kwa sauti ile ile ya upole anayosalimia nayo majirani akamwambia, "Shemeji, nikimpata safari hii, hatatoka tena." Basi, mama wa watu akawa na shida moja tu duniani: asijulikane anakoishi. Laini ya simu alibadilisha. Mtoto alimwandikisha shule nyingine. Picha hakuweka popote, na pazia la upande wa barabara hakulifungua hata jua liwake vipi. Mlango ulikuwa na makomeo mawili, la tatu akaliongeza mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano ya watu na kuzipiga chapa. Bila mtandao hali chakula. Kwa hiyo alimwita fundi.

Fundi alikuwa mtu wa kitambi na maneno mengi, ngazi zile zilimtoa jasho mpaka kwenye nyusi. Alitoboa ukuta, akavuta waya, akaiweka ruta juu ya kabati, kisha akajibwaga kwenye stuli na simu yake mkononi.

"Haya mama, mtandao wako tuupe jina gani? Na nywila?"

Swali dogo hilo, jamani, lakini mama aliduwaa. Kule alikotoka ruta ilikuwa mali ya bwana. Jina aliipa yeye, nywila aliichagua yeye, na mke akijibu vibaya mezani, kompyuta yake hukatiwa mtandao mpaka aombe radhi. Hata simu yake mwenyewe bwana yule aliiandika jina "Simu ya Bosi", na wala hakuwa anatania. Leo mtu anamwuliza yeye, anataka nini. Alitafuta jibu kichwani akakuta patupu. Na Kipusa alikuwa sakafuni analilia katuni zake za kwenye tableti, kilio cha kupasua masikio.

"Kama kuna mliyoizoea, tuweke hiyo hiyo," fundi akasema, anajikausha uso. "Jina lile lile, nywila ile ile. Vifaa vyako vitajiunga vyenyewe, hutagusa kitu. Wateja wangu wakihama nawafanyia hivyo hivyo."

Ni kweli, na kwa mtu aliyehama kwa heri ni ujanja mzuri tu. Fundi hakuwa mtu mbaya. Hakuuliza, na mama hakusema. Aibu za ndani nani huzianika mbele ya mtu wa waya? Akataja jina: Nyumbani Kwetu. Akaitaja na nywila. Fundi hajainua hata kichwa, tableti ikaanza kuimba, Kipusa akanyamaza, na wote wawili wakashusha pumzi. Kabla ya kuondoka fundi akamwekea kwenye simu programu ya kumwarifu kila kifaa kinapojiunga, ili majirani wasije wakamnyonya mtandao.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wao hata ruta hawakuiona.

Miezi ikapita. Mama Kipusa akaanza kunawiri. Akaanza kuimba akiosha vyombo, kwa sauti mbaya kweli, mtoto akawa anaziba masikio na kucheka. Usiku alilala mpaka asubuhi bila kushtuka. Mimi ningependa niishie hapo.

Alasiri moja alikuwa katikati ya mkutano wa watu wanaogombania eneo la kuegesha magari, vipokea sauti masikioni, simu ikalia mezani. Akaitupia jicho. "Simu ya Bosi imejiunga."

Alisoma mara ya pili, halafu akampigia fundi.

"Fundi, simu ya mume wangu imeingia kwenye mtandao wangu. Hajui ninapoishi. Hatakiwi kujua, ataniua."

Fundi yule wa maneno mengi akauliza taratibu, "Ile nywila ilikuwa ya nyumba yenu ya zamani?"

"Ndiyo."

"Lahaula! Mama, simu haisahau. Ikipita karibu na mtandao inaoujua, inaingia yenyewe, haimwulizi mwenye simu."

"Karibu kiasi gani?"

"Barabarani hapo. Au dukani hapo chini."

"Na yeye anaona?"

"Akiitazama simu yake tu, jina hilo hapo juu."

Alisogea dirishani, akalivuta pazia upana wa kidole. Alikuwepo. Shati limepigwa pasi, boksi la simu kwapani, bila shaka alikuwa akimpelekea mteja. Bahati mbaya tupu ilikuwa imempitisha mtaa ule. Lakini sasa hakuwa anapita. Alisogea hatua chache kushoto, akatazama simu. Akarudi kulia, akatazama simu. Kisha akainua uso na kuyakagua madirisha, ghorofa baada ya ghorofa.

"Chomoa waya wa umeme!" fundi akapiga kelele. "Funga mlango. Nawapigia polisi, na mimi mwenyewe nakuja."

Alichomoa. Taa za ruta zikazimika. Akasukuma makomeo yote, akaiburuta meza mpaka mlangoni. Kipusa akaja na tableti yake, mdomo ameubinua.

"Mama, katuni zimekufa."

"Nyamaza, mwanangu. Tucheze kujificha. Anayetoa sauti ameshindwa."

Alichungulia tena. Barabarani hayupo. Akakaa sakafuni, waya bado uko mkononi, akamshukuru Mungu kwa machozi. Ameondoka. Amedhani simu yake imekosea.

"Mama, zimerudi!"

Tableti ilikuwa inaimba. Mama akatazama juu ya kabati: ruta haina hata taa moja. Akamnyang'anya mtoto tableti. Pale juu palikuwa pameandikwa Nyumbani Kwetu.

Muuza simu hafundishwi simu. Simu nayo hurusha mtandao, na mwenye nayo huupa jina atakalo. Alikuwa ameupa wake jina lile lile na nywila ile ile, akatulia kungoja nani ataitika. Tableti ya mtoto ikaitika, na huko kwenye simu yake sasa palisomeka "Tableti ya Kipusa".

Mistari ya nguvu ya mtandao ilikuwa miwili. Ikawa mitatu.

Aliizima, akamkumbatia mtoto, wakajibana nyuma ya kabati. Ghorofa ya chini yao mlango uligongwa.

"Hodi wenyewe. Samahani sana kwa usumbufu. Namtafuta mke wangu, yuko na mtoto mdogo wa kike."

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu ambaye yeyote angemkaribisha ndani. Kipusa akaitambua. Mtoto wa miaka minne hajui mambo ya mikono kuvunjika, anamjua aliyekuwa akimbeba mabegani. Uso wake wote ukachangamka.

"Baba!" akaita, kabla mkono wa mama yake haujamfika mdomoni. "Baba, tuko huku juu!"

Viatu vikaanza kupanda ngazi.