Spika Zitaungua

Mume wangu hana maneno. Ni fundi wa maiki na spika pale chuoni, na sentensi yake ndefu kuliko zote ni ile ya kujaribia mitambo, ndiyo maana wanafunzi wanamwita Moja Mbili. Mimi ndiye ninayeongea kwa niaba ya nyumba nzima, na siku za mikutano humsaidia kukunja nyaya.

Ila uongo mmoja aliujua vizuri. Kila mwanafunzi alipoanza kuusema utawala, Mlezi wa Wanafunzi alikuja mbio na suti yake: "Fundi, zima!" Mume wangu alikuna kichwa. "Mzee, nikizima mtu akiwa katikati ya maneno, spika zitaungua." Mlezi anauogopa umeme kuliko nyoka. Aliamini miaka yote, na watu wakasema walichotaka.

Mwaka huu binti yetu akagombea uenyekiti wa wanafunzi. Mpinzani wake, kijana mtanashati mwenye mdomo mkali, akapanda jukwaani: "Huyu dada atatuteteaje mbele ya utawala? Baba yake si anakula kwao!"

Kimya. Moja Mbili kazima maiki! Jamani, niliona aibu nikajificha nyuma ya spika. Uwanja mzima ulizomea. Binti yetu akaja mbio.

"Baba, washa."

"Anakutukana, mama."

"Mwache anitukane. Zamu yangu ikifika nitamjibu. Washa!"

Akawasha. Yule kijana akamaliza maneno yake, akapigiwa makofi. Na Mlezi alikuwa amesimama palepale, anatabasamu. "Kumbe inazimika, fundi. Wala haiungui."

Nyumbani nilimpasha. "Watoto wa wenzako umewalinda miaka yote, wa kwako ndiye umemzibia njia!" Hata chakula hakugusa. Nilimhurumia, lakini sikumwambia.

Mkutano wa mwisho ukafika, na zamu ya binti yetu. Akaanza na habari ya mwalimu aliyefukuzwa kwa makala aliyoandika gazetini. Uwanja ukatulia. Mlezi huyo, mbio.

"Zima. Na leo usinidanganye."

Mume wangu akasimama, akamsogezea kiti chake. "Kitufe ni hiki chekundu, mzee. Mimi nilizima juzi nikazomewa, imenitosha. Zima mwenyewe."

Nikajisemea, kazi ndiyo hiyo imekwenda. Wanafunzi wa mbele wakageuka, wa nyuma wakasimama kuchungulia, hadi binti yetu naye akanyamaza anatutazama. Mlezi akapeleka kidole kwenye kitufe. Akautazama uwanja, na uwanja ukamtazama yeye. Akakirudisha kidole, akajifuta jasho.

"Basi, acha," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Spika zisije zikaungua."

Binti yetu akanywa maji, akaanza upya tangu mwanzo.