Maharage Katikati ya Uwanja

Nani alipanda mbegu ya kwanza kwenye uwanja wetu wa mpira? Mwaka ule niliuliza nyumba kwa nyumba pale Kibondo, na hakuna aliyenitajia jina.

Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nikarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na hasira na muda mwingi. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Mpira uliopita goli la chini ulifuatwa hadi kwenye migomba ya watu. Kabla sijafika, viongozi walikuwa wameitisha msaragambo wa kuusawazisha: kila nyumba ilipimiwa kipande chake na kuambiwa ije na jembe. Watu walichimba vizuri. Kisha mvua ikaanza kabla udongo haujashindiliwa, na kwetu ardhi iliyokwisha kulimwa haiachwi inyeshewe bure. Nilikuta nusu nzima ya chini, kutoka katikati hadi golini, ni maharage, mstari kwa mstari.

Nilikuwa nimekusanya wasichana kumi na watatu. Tulitaka kucheza mpira wa miguu, si netiboli, na wenzetu wa Kasulu walikubali kuja. Wavulana walisema mechi hiyo haitachezwa Kibondo. Mimi nilikusudia ichezwe, tena kabla chuo hakijafunguliwa.

"Mama, hata kipande chetu kina maharage," nilisema.

"Yameota vizuri, eeh?"

"Ule ni uwanja wa mpira."

"Mpira unaliwa?"

"Nitayang'oa."

"Ng'oa, msomi. Halafu uwaeleze majirani wewe ni mtoto wa nani."

Sikung'oa. Nikaanza kumtafuta aliyeanza, ili nipate mtu wa kubishana naye. Kila mwanamke alisema alimkuta mwenzake ameshapanda. Niliwaambia huo ni ujinga wa kufuatana, na maneno hayo hayakunisaidia. Jirani yetu mmoja, muuza dagaa, aliniuliza, "Mwanangu, au chuo kimefungwa kwa ajili ya maswali yako?"

Tulifanya mazoezi nusu ya juu, wiki baada ya wiki. Mpira ukiingia kwenye maharage, mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuufuata, peku, akikanyaga katikati ya mistari.

Kisha redio ikatangaza kwamba chuo kinafunguliwa. Zilibaki siku kumi. Majani ya maharage yalikuwa yamekauka, lakini wenyewe walikuwa bado na kazi za mashamba yao makubwa. Nikawaendea tena, safari hii bila swali. Niliwaambia wasichana watavuna, watapura, watapepeta na kumpelekea kila mtu mzigo wake mlangoni. Walikubali upesi kuliko nilivyotegemea.

Tulifanya kazi siku nne. Kila kipande tulikipa lundo lake, maana maharage ya nyumba mbili yakichanganyika hayo ni maneno ya mwaka mzima. Tulipura kwa fimbo palepale uwanjani, na viganja vyangu, vilivyozoea kalamu, vikatoka malengelenge. Mshambuliaji wa timu ya wavulana alipita na baiskeli.

"Dada zangu, hayo ndiyo mazoezi?"

"Shuka ujaribu," alisema kipa wetu bila kuinua kichwa.

Hakushuka. Lakini siku ya nne, udongo ule uliokuwa laini ulikuwa umekanyagwa na kupigwa hadi ukawa mgumu kama sakafu.

Wasichana wa Kasulu walikuja kwenye lori. Watu walijaa pande zote, na wavulana wetu wakagombania nafasi za mbele. Tulifungwa mawili kwa moja. Siku mbili baadaye nikarudi Dar es Salaam, bado naamini kwamba wanawake wale walikuwa wameuharibu uwanja na mimi ndiye niliyeuokoa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya kufuatilia kiwanja cha familia, nikaletewa faili isiyo yangu. Ndani yake mlikuwa na ombi la msimu ule ule: uwanja utolewe uwe maegesho ya malori ya chakula cha kambi za wakimbizi. Nilimuuliza mama. Akaniambia kwamba mfagiaji wa ofisi ile aliwadokeza wanawake walipotoka kanisani, na kesho yake wakatoka na mbegu. Walinyamaza ili asifukuzwe kazi. Ombi lilikataliwa, na sababu iliyoandikwa ni kwamba eneo lina mazao ya wananchi.