Kamera Niliyoijaribia Juani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Mwenye Studio alinipa ndoo, akanionyesha bomba la uani, akasema, “Halima, picha ni maji. Ukizembea kusuuza, sura ya mtu itageuka njano hata kabla hajaoa.” Nikachota maji hadi adhuhuri. Nilikuwa nimeshuka kutoka Vugiri na sanduku langu la bati, nimefikia Kilole kwa shangazi, najiona msichana wa maana. Kumbe nimekuja Korogwe kuchota maji ambayo kwetu yanapita mlangoni bure!

Huo ulikuwa wakati wa ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Nyie mliozaliwa juzi mkiona duka limejaa mnadhani lilizaliwa hivyo. Kabla ya hapo filamu ilitafutwa kwa kujuana; Mwenye Studio alishawahi kumpelekea mtu wa bandarini Tanga mkungu wa ndizi ili akumbukwe meli ikifika. Ruksa ilipokuja, zikaja filamu za rangi, mitumba na redio za kaseti, na watu wakapata hamu ya kujitazama. Kila aliyenunua suruali mpya alipitia kwetu.

Nilipomaliza kuchota maji nikaingizwa chumba cha giza. Pale nilijifunza kuosha filamu: dawa ya kwanza inaitoa sura, ya pili inaikamata isikimbie. Unabaki na negativu, ule ukanda ambao mtu mweusi huonekana mweupe na shati jeupe huonekana jeusi. Negativu ndiyo mama. Kutoka kwake unazaa picha upendavyo. Studio nyingine zilizifungia kabatini ili mteja arudi kwao tu. Mwenye Studio hakutaka kusikia hayo. Tulimpa mtu picha zake, na negativu yake ndani ya bahasha.

“Bosi,” nikamwuliza siku moja, “sasa si watakwenda kusafishia kwingine?”

“Waende! Negativu ni ya mwenye sura. Mtu hashikwi kwa sura yake.”

Alikuwa mkali yule mzee, lakini ukali wake ulikuwa wa namna hiyo, unaukasirikia asubuhi na jioni unaukubali.

Baadaye alinipeleka Kabuku, kwenye kibanda chetu cha kando ya barabara, nikapiga picha za madereva na wenye maduka. Kisha akanipa kazi ya nje hasa: minada ya ng'ombe na maboma ya Wamasai huko nyikani Handeni. Kazi ya nje ina bosi mwingine, naye ni jua. Jua la saa sita linamchimbia mtu mashimo machoni, hata mrembo anatoka kama fuvu. Nilijifunza kutazama kivuli: kikiwa kifupi kuliko mtu, namsogeza chini ya mgunga au nangoja.

Wamasai walinipokea kwa shaka, na haki yao. Kabla yangu alipita mpiga picha mmoja akiwamulika kwa flashi, kamera haina filamu, akachukua malipo na kutoweka. Mwingine alipiga kweli, kisha sura ya mama mmoja ikaonekana mjini ikiuzwa kwenye kadi za watalii. Mama huyo alikuwa Koko, mama mzazi wa Mzee Saning'o. Koko kwao ni bibi, na boma zima lilimwita hivyo. Mzee Saning'o aliponiona mara ya kwanza hakuniuliza jina. Aliuliza, “Ile filamu utampa nani?” Nilipomletea picha na negativu zake, negativu akazikunja, akazitia kwenye kopo lake la ugoro. Tangu siku ile nikawa Mama Picha, na boma moja likaniitia jingine, mpaka kazi ya nje ikawa ndiyo inayoilisha studio.

Halafu ikaja dijitali. Pale pale mtaani kwetu alifungua mtu studio yenye kompyuta. Mteja anapigwa, anajiona, anacheka. Kwetu wakaanza kuingia wazee tu, nao wanakuja kusalimia. Mwenye Studio akaiuza mashine yake ya kusafishia picha, ile aliyokuwa akiipangusa kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu.

“Halima,” akasema, “kazi ya nje ni yako, kamera utachagua wewe. Lakini ni hiyo moja tu. Ikitushinda tunafunga mlango. Mimi nitarudi kulima, na wewe utarudi kwa shangazi.”

Tukaenda Dar es Salaam, Kariakoo. Muuzaji alikuwa kijana wa shati la kung'aa, maneno yanamtoka kama mtu anayeswaga mbuzi. “Hii ndiyo habari ya mjini, mama! Nyembamba, inaingia mfukoni, megapikseli za kumwaga.” Megapikseli ni vile vidoa vinavyojenga picha, kama mtama uliotandazwa kwenye ungo, vikiwa vingi unaikuza picha hadi ijae ukuta. Sawa, lakini nani kule Handeni aliniomba picha ya kujaza ukuta? Humo dukani, chini ya taa, kila kamera ilikuwa nzuri. Mwenye Studio alikuwa ameshaishika ile nyembamba na kuipangusa kwa kitambaa.

“Nataka kuitoa nje,” nikamwambia kijana. “Juani.”

“Mama, hapa Kariakoo! Kamera haitoki haijalipiwa.”

“Nitakuachia rehani.”

“Rehani gani?”

Nikamwonyesha Mwenye Studio. “Huyu hapa.”

Duka zima likaangua kicheko. “Ala! Yaani mimi nimekuwa mbuzi?” akasema bosi wangu. Lakini aliketi kwenye stuli, akanyoosha kanzu yake, akaniambia niende haraka.

Nikatoka na ile nyembamba. Jua lilikuwa utosini. Nikatazama kioo chake cha nyuma, kile cha kuonyesha picha, nikayaona meno yangu mwenyewe. Kioo kilikuwa kiza kitupu, na kitundu cha kuchungulia hakuna kabisa. Sasa utalenga na nini, pua? Nikairudisha, nikachukua ya pili: lenzi yake ilitoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe. Kitu kinachotoka na kuingia hubeba vumbi, na vumbi la Handeni halisubiri kukaribishwa. Ya tatu ilikuwa juu kabisa ya rafu, nyeusi, nene, nzito. Ilikuwa na kitundu cha kuchungulia, lenzi isiyotokeza, vitufe vikubwa vya kupapasa bila kutazama, na ilikula betri ndogo za duara kama za redio. Nikaibana jichoni, nikamwona muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara, yeye na pilipili yake.

“Hiyo haina soko, mama,” kijana akasema. “Imekaa.”

“Na mimi nimekaa,” nikamjibu. “Ifunge.”

Njia nzima Mwenye Studio aliitazama kamera mapajani mwangu. “Tumeuza mashine,” akasema tulipopita Chalinze, “tunarudi na tofali.”

Tofali likanitia aibu mapema. Tulishuka Kabuku nikanunua betri za redio dukani, nikiwa na fahari kwamba hizi ziko kila mahali, umeme usinibabaishe. Picha chache tu, kamera ikazimika. Nikatia nyingine, ikazimika tena! Betri ya redio inatoa nguvu kidogo kidogo. Kamera inataka kubugia. Mwenye Studio alikohoa tu, na kikohozi kile nilikijua. Ikabidi niagize Tanga betri za kuchaji za umbo lile lile, niwe nazijaza umeme Korogwe kabla ya safari. Kwa hiyo mnaponunua, msiulize tu betri inaingia ya aina gani. Ulizeni pia inakaa muda gani, tena mkamwulize aliyeitumia, si anayeiuza.

Kazi yake ya kwanza ya kweli ilikuwa harusi kwetu Vugiri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na baridi inazilegeza betri, basi nikazifunga kwenye leso nikazitia kifuani kama bibi anavyoficha hela zake. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na bibi harusi anatoka kijivu kama amefiwa. Unailazimisha iongeze. Nilifanya hivyo, na yule binti akatoka anawaka. Nikasema moyoni, tofali linaweza kazi.

Kabla sijaipeleka kadi Tanga kusafishwa, Mzee Saning'o akatuma ujumbe. Kadi ni kile kibati kidogo kinachobeba picha zote. Kompyuta hatukuwa nayo, kwa hiyo kila tulichopiga kilikuwa humo tu. Nyika ilikuwa imekauka. Wadogo zake walikuwa wanahamia kusini na ng'ombe, na Koko hakuweza tena safari. Alitaka picha moja, wazao wake wote pamoja, kabla hawajatawanyika. Mwenye Studio alinisindikiza hadi stendi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulijua wote wawili: boma lile likiikataa dijitali, na mengine yataikataa.

“Sopa, Mama Picha,” akanilaki Mzee Saning'o.

Niliwapanga jioni, jua limelala, ng'ombe nyuma yao, Koko katikati na kitukuu mchanga mapajani. Nilipobonyeza, kitoto kikapiga mwayo. Nikataka Koko ajione, lakini kioo kile nacho, hata jua la jioni lilikishinda. Mzee Saning'o akavua shuka lake la pili, akatufunika mimi na mama yake vichwa vyote viwili. Mle gizani Koko akaguna. Akaanza kuwagusa mmoja mmoja kwa kidole, anawataja, hadi akaufikia ule mwayo, akacheka mpaka shuka likatikisika. Nikacheka naye, na machozi yakanitoka, sikujua hata kwa nini.

Tulipojifunua, Mzee Saning'o alikuwa amekwisha kufungua kopo lake la ugoro.

“Negativu.”

“Mzee, hii haina negativu. Picha imo ndani ya kadi.”

“Basi nipe kadi.”

Nikaibana kamera kifuani. “Siwezi. Humu mna bibi harusi wa watu, wa Vugiri. Siwezi kukupa sura yake, si yako.”

“Na mama yangu umwondoe hapa, ndani ya kitu nisichokijua? Ulikuwa unanipa. Sasa umekuwa kama wale.”

Neno lile liliniuma, nalikumbuka hadi leo. Nikamwambia, “Nitasafisha, nitaleta picha hapa hapa. Na mbele ya macho yako nitamfuta humu, asibaki popote ila mikononi mwako.” Alifunga kopo lake. Niliondoka bila chai, na kwao hiyo si ishara ndogo.

Tanga nilimsimamia msafishaji hadi mwisho. Nilirudi bomani na picha zikiwa zimefungwa kwenye kanga. Koko alipokea yake, akaitia ndani ya nguo yake. Mzee Saning'o akanitazama. Nikaitoa kamera, nikaitafuta ile picha, tukaingia watatu chini ya shuka. Nikabonyeza, ikatokea alama ya kuulizia kama kweli nataka kufuta.

“Hicho kichoro ni nini?” akauliza.

“Ni kopo la takataka, mzee. Nikibonyeza mara moja tu, anafutika.”

“Takataka?” Akalitupa shuka pembeni. “Unamtia mama yangu kwenye takataka?”

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, sijui nibonyeze au niache. Ahadi nilikuwa nimeitoa mimi mwenyewe. Koko akasema maneno ya Kimasai, polepole, akiwa amenishika mkono. Mzee Saning'o akanitafsiria akiwa anatazama ng'ombe.

“Anasema, ulikataa kunipa bibi harusi wa watu, na ulikuwa unaogopa, alikuona. Basi na sura yake hutampa mtu. Anasema usimfute. Kaa naye.”

Nikanyweshwa chai siku ile hadi nikaomba msamaha. Niliporudi, Mwenye Studio alisikiliza yote, akaichukua kamera mikononi mwangu, na kwa mara ya kwanza akaipangusa. “Tofali ndilo linalojenga,” akasema. Maboma mengine yakaniita, na mlango wetu haukufungwa. Aliufunga yeye mwenyewe miaka mingi baadaye, kwa uzee, akaniachia mimi kompyuta tuliyokuja kununua, na picha zote za kwenye kadi zikiwa ndani yake.

Sasa nimestaafu, niko Kilole, magoti hayapandi tena Vugiri. Vijana wanakuja kuniuliza wanunue kamera gani ya kazi za nje, na simu zao zina megapikseli kuliko nyota. Nawaambia: itoeni juani kwanza. Ishikeni mkono ukiwa na vumbi. Halafu jiulizeni mtakaa vipi na sura za watu.

Mwezi uliopita alibisha hodi msichana mrefu, shanga shingoni, begi la chuo mgongoni. “Shikamoo, bibi. Wewe ndiye Mama Picha?” Alikuwa ametokea kusini. Koko alifariki zamani, na picha iliyokwenda na baba yake iliharibika kwa mvua njiani. Babu Saning'o alimwambia, nenda Korogwe, yuko mtu anakaa naye.

Nikafungua kompyuta, nikatafuta. Koko akatokea, na ng'ombe, na jua limelala.

“Na wewe ni nani kwake?” nikauliza.

Msichana akaweka kidole kwenye kile kitoto kinachopiga mwayo.

Nilipomsafishia picha yake, nikalishusha tofali kutoka kabatini, nikatia betri, nikamsimamisha mlangoni ameishika picha yake. Nikabana jicho.

“Bibi,” akasema kabla sijabonyeza, “na hii utaniwekea?”

“Nitakuwekea,” nikamwambia. “Cheka basi.”