Bia Nyepesi Niliyoipeleka Ukweni

Nasimulia, ingawa mpaka leo nikipita Malukhu, mtaa wao huko Mbale, nainamisha kichwa. Nilikuwa nakwenda Mbale kumposa Nambozo, na baba yake (mwanajeshi mstaafu, mtu asiyecheka ovyo) alikuwa ametaka mimi, Msoga ninayemtaka binti yake, nije na kinywaji cha heshima. Mwingine angenunua kreti dukani yakaisha. Mimi nikaamua kupika bia yangu mwenyewe, nyumbani Bugembe, karibu na Jinja, kwa kopo la shira ya kimea.

Nilimimina shira ndooni, nikajaza maji baridi, nikafungua koki ya chini na kuchota kidogo cha kupimia. Kipimo chenyewe ni kile cha kioo kinachoelea: sukari ikiwa nyingi kinapanda, ikipungua kinazama. Maelekezo ya kopo yalisema hamsini, chenyewe kikasimama themanini. (Sikuwa nimekoroga. Shira yote ilikuwa imelala chini penye koki, lakini hilo nililijua baadaye.) Nikaona hii ni nzito mno, itawaangusha wazee, basi nikaigawa kwenye ndoo mbili, zote nikazijaza maji, wala sikupima tena, nikawa nafurahia wingi wa chupa. Ilipokwisha kuchacha kipimo kikazama karibu kama kwenye maji matupu, nikajipongeza kwamba hamira imekula sukari yote. Nilionja, ndiyo. Nikajiambia itakolea ndani ya chupa.

Ukweni mjomba wangu Waiswa, aliyekuwa mshenga, alizikabidhi chupa kwa maneno mazuri. Mzee akanywa, akampa ndugu yake, naye akanywa, akatazama ukuta. Kwao malwa, pombe ya ulezi, hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, huku maji ya moto yakiongezwa, na mgeni wa heshima hukaribishwa chungu kikiwa bado kipya.

"Bwana, hii pombe nani alikunywa kabla ya sisi?" mzee akaniuliza.

"Hakuna, afande. Ni mpya."

"Chungu ikishatiwa maji mpaka imechoka, sisi tunapea mlevi wa barabara. Wewe unaletea mimi hiyo, na unataka mtoto yangu?"

"Labda huko Jinja mto iko karibu sana," ndugu yake akasema, na watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Mjomba alinibana goti ninyamaze. Sikunyamaza. Nikaanza kueleza kipimo, koki, sukari, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana, mpaka nikajikuta nasema kwamba maji niliyaongeza mwenyewe, ili wazee wasilewe.

"Kumbe ulitia maji kusudi," mzee akasema taratibu. "Wazee ya hapa haiwezi pombe." Akasimama. "Beba chupa yako. Mtoto hajakataa wewe. Mimi nimekataa."

Tulizibeba zote, mjomba na mimi, mbele ya majirani waliokuja kushuhudia posa. Nambozo alitufuata hadi barabarani.

"Ungesema tu imeharibika," aliniambia, macho mekundu. "Baba angesamehe pombe mbaya."

Salamu ambazo mjomba anamtumia mzee bado hazijajibiwa. Bia napika bado, na siku hizi nakoroga mpaka mkono unaniuma kabla ya kupima. Lakini nikiruhusiwa kurudi kwa mzee yule, sitabeba nilichokipika, na akiniuliza habari ya siku ile nitamwambia nilikosea, kisha nitanyamaza.