Eufrazia na Memori Iliyofungwa

Eufrazia alikuwa binti wa mchonga vinyago wa Mbagala, na tangu utotoni alifungua kila redio iliyoingia nyumbani, hata iliyokuwa nzima. Ukubwani akawa fundi wa kompyuta kwenye studio ndogo ya katuni huko Chamazi.

Studio ilikuwa na kompyuta moja kubwa. Ndani yake Eufrazia alitengeneza kompyuta pepe mbili, yaani za programu tu, zinazogawana mashine ile moja na memori yake: moja ya Clara, mchora katuni, nyingine ya Fakihi, mtu wa sauti. Ya Clara aliikabidhi kadi ya picha moja kwa moja, ili michoro iende kasi. Lakini kadi ile huandika kwenye memori bila kumwuliza mtu. Ili isiharibu kitu, memori yote ya Clara ilibidi ifungwe tangu asubuhi, asiiguse mwingine, itumike isitumike. Fakihi akabaki na makombo.

"Dada Eufra, mie narekodi ngoma, zinakatikakatika tu!" alilalamika.

Eufrazia akajaribu kunyofoa memori ambayo Clara alionekana haitumii. Kumbe kadi ilikuwa bado inaifanyia kazi. Sungura wa katuni ya Clara akatokea hana masikio, madoa ya zambarau mwili mzima, kisha kila kitu kikaganda.

"Umeniulia sungura!"

Eufrazia alicheka, halafu ghafla akaigeukia skrini. Kadi haiulizi, sawa, lakini inayoituma kazi si kompyuta ya Clara? Basi yenyewe ndiyo ibishe hodi! Kabla ya kuipa kadi kipande cha memori, iiombe kompyuta kubwa ikifunge hicho tu. Kadi ikimaliza, kifunguliwe. Vingine vyote vibaki huru.

Aliandika programu hiyo chai ikipoa pembeni, akafuta, akaandika tena. Jumamosi mchana wakaijaribu. Sungura akatimua mbio, masikio yote mawili yakipepea. Fakihi akavaa hedifoni, akaanza kupiga ngoma. Kwenye skrini, memori ya Clara ikapanda, ikashuka, na kila iliposhuka, ya Fakihi ikapata nafasi.

"Inapumua!" Eufrazia aliruka. "Jamani, inapumua!"

"Dada, nimekurekodi," Fakihi alisema.

"Futa!"

"Sifuti ng'o. Ngoma haijakatika hata mara moja!"

Clara alikuwa amesimama, anapiga makofi. Eufrazia akarudi kwenye kiti, vidole vikimwasha. Memori ilikuwa imebaki ya kutosha.

"Haya, nani mwingine anataka kompyuta?"